Dragsta Ndogo, Gari la Nyumbani au Gokati: Kijana wa Mombasa Aanzie Wapi?

Daraja la Nyali lina urefu wa takriban mita 390, na mbio kamili za dragi ni za mita 402, kwa hiyo mtu wa Mombasa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu anaweza kuupima kwa macho: magari mawili yanasimama sambamba mwanzo wa daraja upande wa kisiwani, yanaondoka kwa ishara ya taa, na kila moja linakwenda moja kwa moja mpaka livuke daraja lote na kuongeza hatua chache upande wa pili. Vijana wa madarasa, yaani makundi ya mashindano, mawili ya kwanza nitakayoyaeleza hukimbia nusu tu ya masafa hayo, mita 201, yaani wangeishia katikati ya daraja, maji yakiwa chini yao. Hakuna kona, hakuna kumzibia mwenzako njia, na mbio zote huisha kabla kikombe kimoja cha chai hakijajazwa.

Ninaandika kwa sababu ya maswali niliyoulizwa na ndugu na majirani tangu niliporudi kutoka kwa dada yangu, anayeishi katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako mpwa wangu wa miaka 14 amejiunga na mbio hizi. Waulizaji ni wa aina mbili. Wapo wenye kijana ambaye atakwenda kwa jamaa ughaibuni likizo ya Agosti, na wapo wenye kijana atakayebaki hapa hapa, ambaye babake ameshaanza kuzificha funguo za gari. Sheria ya Kenya haimpi leseni ya gari mtu aliye chini ya miaka 18, na mji wetu hauna uwanja wa kudumu wa dragi. Kwa hiyo ulinganisho huu unagusa mambo yaliyoko ng'ambo pamoja na lile moja lililo karibu nasi, ambalo ni gokati, kile kigari kidogo cha mbio kilicho wazi juu.

Kigezo nilichokitumia si kasi. Kasi ndiyo inayoulizwa kwanza na kila mtu, lakini kila darasa lina kikomo chake kilichoandikwa, na saa ya uwanjani haibembelezwi. Kinachotofautiana kweli ni nafasi ya mtu mzima. Katika darasa moja mzazi ni fundi anayesimama nyuma ya gari, katika jingine ni abiria aliyefunga mkanda kando ya mwanawe, na katika jingine ni mtazamaji aliyeketi jukwaani, roho i mkononi. Mzazi akishajua ni nafasi gani anayoiweza, kazi ya kuchagua imebaki ndogo.

Dragsta ndogo

Shirika linalosimamia sehemu kubwa ya mchezo huu nchini Marekani ni NHRA, lililoasisiwa na Wally Parks mwaka 1951. Ligi yake ya watoto ilianza mwaka 1992 kwa gari lililobuniwa mahsusi kwa ajili yao: dragsta iliyo nusu ya ukubwa wa zile za watu wazima, yenye pua ndefu nyembamba, matairi membamba mbele na mapana nyuma, na injini ya silinda moja iliyofungwa mgongoni mwa dereva. Injini za mwanzo zilikuwa za Briggs & Stratton zenye nguvu za farasi 5, jamaa za zile tunazoziona huku zikivuta maji mashambani. Za leo zimeongezwa nguvu mara kadhaa, ingawa silinda imebaki ile moja. Klachi hujishika yenyewe mizunguko ya injini inapopanda, kwa hiyo mtoto hana gia za kubadilisha. Ana usukani, mafuta na breki.

Umri unaokubaliwa ni miaka 5 hadi 17. Mwenye miaka 5 hukimbia peke yake bila mshindani, na baada ya hapo kikomo hulegezwa kadiri mtoto anavyokua: wa miaka 8 na 9 haruhusiwi kumaliza mita 201 kwa chini ya sekunde 11.90, wa miaka 10 hadi 12 kikomo chake ni sekunde 8.90, na wa miaka 13 hadi 17 ni sekunde 7.90, na mwendo usiozidi maili 85 kwa saa, ambazo ni takriban kilomita 137. Hiyo ya mwisho si namba ya kitoto. Gari la kawaida la familia, hata likikanyagwa mafuta mpaka mwisho, halifiki karibu na sekunde 7.90 katika masafa hayo.

Ulinzi nao umewekwa kulingana na kasi hiyo. Dereva huketi ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, amefungwa mkanda unaomshika sehemu tano, amevaa kofia ngumu inayofunika uso wote, kola nene shingoni, jaketi, glavu, na kamba fupi zinazofungwa mikononi ili mkono usichomoke nje ya fremu gari likipinduka. Nilimtazama msichana mmoja wa miaka kumi hivi akifungwa. Baba yake aliivuta mikanda mpaka mtoto akatoa pumzi kwa sauti, akaikagua tena kwa vidole viwili, kisha akaipiga ile kofia kofi dogo, ishara yao kwamba kazi ya baba imekwisha.

Haikuwa imekwisha hata kidogo. Injini ya dragsta hiyo iliwashwa na baba kwa stata ya kushika mkononi, kwa sababu gari lenyewe halina yake. Ni baba aliyelielekeza gari mpaka kwenye mstari, kwa sababu halina rivasi na mtoto akipitiliza hana njia ya kurudi, na ni yeye aliyekwenda kulivuta kutoka mwisho wa uwanja baada ya mbio. Kati ya mbio na mbio alikuwa chini, anakaza mnyororo, anakagua mkanda wa klachi, anapima mafuta. Halafu kuna hewa. Joto na unyevu hupunguza nguvu za injini, na upepo wa mbele huongeza sehemu za sekunde, kwa hiyo familia zilizobobea hupima hali ya hewa kutwa nzima na kuiandika daftarini kando ya muda wa kila mbio. Mtu aliyekulia mahali ambapo wazee walipanga safari zao kwa Kaskazi na Kusi halioni hilo kuwa jambo geni, lakini ni kazi, na ni kazi ya kila wiki ya msimu.

Gharama zinafuata kazi. Dragsta ndogo iliyokwisha kutumika huuzwa kwa maelfu ya dola, na hapo bado hujanunua trela, gari la kulivuta trela hilo, wala mavazi ya usalama, ambayo mtoto huyakulia na kuyaacha. Kwa maoni yangu, darasa hili ni la familia inayoishi huko, yenye mtoto aliyeanza mapema, na yenye mtu mzima mmoja ambaye angeshika spana hata kama pasingekuwa na mtoto. Kijana anayekwenda kwa likizo ya wiki nne halimfai hata kidogo, hata kama jamaa wana uwezo, kwa sababu wiki tatu kati ya hizo zitamalizika katika kuizoea mashine.

Gari la nyumbani, mtu mzima akiwa kando

Darasa la pili ndilo alilomo mpwa wangu. NHRA inaliita Jr. Street, na limewekewa vijana wa miaka 13 hadi 16. Gari ni la kawaida lenye bodi kamili na linaloruhusiwa kutembea barabarani, lile lile linalopeleka watoto shule siku ya Jumatatu. Kijana hahitaji leseni, lakini kiti cha abiria lazima kikaliwe na mtu mzima mwenye leseni halali. Masafa ni mita 201, na muda hauruhusiwi kushuka chini ya sekunde 9.00, ambazo ni wastani wa kilomita 80 kwa saa kutoka kusimama mpaka mwisho. Magari mengi ya familia yanamaliza kwa sekunde 10 hadi 12 na hayana haja ya kukihofia kikomo hicho.

Shemeji yangu alizaliwa Kibokoni na alijifunza gari hapa Mombasa, kwa hiyo mwili wake unajua kwamba usukani huwa kulia. Marekani usukani uko kushoto, na katika darasa hili anaketi kulia bila usukani wala pedali. Aliniambia kwamba katika mbio za kwanza mguu wake ulikandamiza zulia la gari tangu mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, na alipoteremka kisigino kilikuwa kinamuuma. Watu tulicheka, lakini hapo ndipo penye ukweli wa darasa hili: mtu mzima anaona kila kitu, yuko ndani ya hatari ile ile na mtoto wake, na hana breki. Anachoweza kutumia ni sauti yake tu, tena kabla ya taa kuwaka.

Ukaguzi wa gari ulichukua dakika chache. Waliangalia matairi na nati zake, mikanda, kama betri imefungwa isiruke, na kama kuna mafuta au maji yanayovuja. Kisha foleni ikasogea. Mbele ya mstari kuna mahali palipomwagiwa maji, ambapo magari yenye matairi ya mbio huzungusha magurudumu ili yapate moto. Gari lenye matairi ya kawaida hupazunguka pahali hapo, kwa sababu maji yanayoingia katika meno ya tairi hudondokea mstarini na kulitelezesha gari. Mpwa wangu alipazunguka bila kuambiwa. Akasogea polepole, mguu wa kushoto kwenye breki, mpaka taa ndogo ya kwanza ikamwonyesha kwamba amekaribia, na ya pili kwamba tairi la mbele limefika penyewe. Wanaoanza hukosea hapo zaidi ya mahali pengine popote, maana gari la otomatiki hujisogeza lenyewe ukilegeza breki kidogo tu.

Taa za kuanzia, zilizochukua nafasi ya mtu wa bendera katika mashindano makubwa ya NHRA mwaka 1963, huwaka njano tatu zikishuka, kila moja nusu sekunde baada ya nyingine, halafu kijani. Anayeingoja kijani amechelewa. Dereva mzuri huondoka njano ya tatu inapowaka, ili gari likiitika kijani kiwe kimefika. Akiwahi hata kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, upande wake huwaka nyekundu na ameshindwa.

Jambo ambalo wengi hapa hawalijui, na ambalo kwangu ndilo linaloufanya mchezo huu uwe na faida kwa kijana, ni kwamba katika madarasa haya anayefika mbele si lazima awe mshindi. Kila dereva hutangaza kabla ya mbio muda ambao gari lake litatumia, na muda huo huandikwa kwenye kioo kwa rangi nyeupe ya kupakia raba. Mwenye gari la polepole hutangulizwa kwa tofauti ya nyakati hizo mbili, hivyo gari dogo la dukani linaweza kushindana na gari lenye injini kubwa bila dhuluma. Lakini ukimaliza kwa muda mfupi kuliko ulioutangaza, umevunja muda wako na umeshindwa, hata kama ulikuwa mbele. Anayeshinda ni yule anayelijua gari lake na kuiwahi taa bila kuiibia.

Mpwa wangu aliandika 11.20. Mshindani wake aliandika 10.40, kwa hiyo kijana wetu aliondoka mapema kwa sehemu 80 za mia za sekunde, akaongoza njia nzima, akafika wa kwanza. Tulioko jukwaani tulishangilia. Kwenye kibanda cha kurudia alikabidhiwa ile karatasi ndogo inayoonyesha alichukua muda gani kuitikia taa, muda wa mita 18 za mwanzo, muda wa nusu ya njia, muda wote na mwendo wa mwisho, na juu yake palikuwa na 11.17. Alikuwa ameikunja mara nne walipofika tulipoegesha.

"Ungeinua mguu mwishoni," baba yake alimwambia.

"Nilimwona kwenye kioo, baba. Nikakanyaga."

Hakuna aliyeongeza neno. Sehemu tatu za mia za sekunde zilikuwa zimesema kila kitu, na zilikuwa zimeandikwa. Nimekaa na vijana wengi wanaojisifu kwa mwendo, na sijaona dawa ya majivuno iliyo bora kuliko karatasi isiyobishana.

Ubora wa darasa hili kwa familia zetu uko wazi: hakuna gari la kununua, kijana mgeni anaweza kushiriki katika likizo moja, na mzazi au mjomba yumo ndani. Kasoro zake nazo zisifichwe. Gari la kawaida halina fremu ya chuma wala mkanda wa sehemu tano. Bima ya kawaida ya gari, huko na hapa kwetu, kwa kawaida hailipi hasara iliyotokea mashindanoni, kwa hiyo anayeazima gari la shemeji ajue kwamba giaboksi likifa litazikwa kwa fedha za nyumbani. Na kuna kasoro isiyo ya gari. Baba ambaye hawezi kumpeleka mwanawe sokoni Kongowea bila kumkaripia kila kwenye makutano asikae katika kiti kile. Amtafute mjomba mpole, au achague darasa jingine.

Kijana mwenye leseni

Darasa la tatu halihitaji maneno mengi. Katika majimbo mengi ya Marekani kijana hupata leseni ya aina fulani akiwa na miaka 16, na viwanja vingi huwa na usiku wa magari ya kawaida au darasa la wanafunzi wa sekondari, ambapo mwenye leseni huingia peke yake na gari lake. Mzazi hutia saini na kukaa jukwaani. Mahali pengine hukimbia mita 201, mahali pengine 402, na kila uwanja una taratibu zake. Kwa mtoto wa Mombasa aliyekwenda kutembea, mlango huu umefungwa kwa kuwa hana leseni. Hata kama ungekuwa wazi, nisingemwanzisha hapo kijana ambaye hajapita katika mikono ya mtu mzima.

Nitaje tu kwamba Marekani kuna mpango uitwao Beat the Heat, ambamo maafisa wa polisi huleta magari uwanjani na kushindana na vijana, ili wazoeane mahali pasipo na pingu. Nilipomsimulia jirani yangu, ambaye ni askari wa trafiki, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akauliza kwa makini gari la polisi lilikuwa la aina gani.

Gokati, hapa nyumbani

Kwa aliyebaki Mombasa, mshindani wa dragi ni gokati, kwa kuwa uwanja wa kukodi gokati kwa dakika unaweza kuupata pwani ya kaskazini bila pasipoti wala viza. Hapa mzazi hana spana wala kiti cha abiria: anasimama nje ya uzio na kulipa. Gokati haina springi, na ekseli yake ya nyuma ni moja isiyo na difrenshali, kwa hiyo mtoto huhisi kwa makalio yake mwenyewe pale matairi ya nyuma yanapoanza kuteleza kwenye kona. Anajifunza kufunga breki kabla ya kona, kuchagua njia, na kuishi na watu walio mbele, nyuma na ubavuni mwake. Dragi haimfundishi hata moja kati ya hayo.

Kwa upande mwingine, gokati ya kukodi haimfundishi subira ya mstarini, wala kulisoma gari moja mpaka alijue. Leo anapewa gokati namba nne, kesho namba tisa, na moja ina breki laini kuliko nyingine. Wala hakuna karatasi inayomwambia kwamba alikanyaga kwa woga. Viwanja vingi humpa muda wa kila mzunguko, na vijana huusoma wakitafuta namba ndogo tu.

Kuna hoja moja inayoipa gokati uzito kwetu. Kenya ni nchi ya Safari Rally tangu mwaka 1953, na mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Kijana mwenye ndoto ya kuendelea na magari akiwa Mkenya ana mahali pa kuupeleka ujuzi wa kona, breki na utelezi. Ujuzi wa kuondoka mstarini kwa sehemu za mia za sekunde hauna uwanja wa kudumu wa kuupokea hapa mjini. Pia gokati inaingia katika wiki ya mtoto wa Mombasa bila kuvuruga mambo: Jumamosi baada ya alasiri, madrasa ikiwa imekwisha, nusu saa inatosha. Siku ya dragi ni kutwa nzima, na sehemu kubwa yake ni foleni.

Kuchagua

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12 ambaye familia imehamia Marekani, dragsta ndogo ndiyo pekee yenye maana katika mchezo huu, kwa sharti lile la mtu wa spana. Uingereza nako kuna dragsta za vijana, na uwanja wa Santa Pod, uliofunguliwa mwaka 1966, ndio unaojulikana zaidi, kwa hiyo jamaa walioko huko nao wana pa kuanzia. Asiye na mtu wa spana asinunue gari kwa matumaini kwamba mtoto atajifunza ufundi mwenyewe. Nimeona dragsta moja ikiuzwa kwa sababu hiyo, bado ina plastiki kwenye kiti.

Kwa wa miaka 13 hadi 16 anayekwenda kwa likizo, Jr. Street inashinda nyingine zote kwa mbali. Apange kwenda Agosti, kwa sababu Desemba viwanja vya majimbo ya kaskazini vimefungwa kwa baridi. Kabla ya kukata tiketi, jamaa waulize uwanja mambo mawili. La kwanza ni nani anayeruhusiwa kutia saini fomu ya ridhaa ya mtoto, kwa sababu mjomba si mzazi mbele ya sheria, na viwanja vingi hutaka saini za wazazi wenyewe, pengine zilizoshuhudiwa na mwanasheria. La pili ni kama leseni ya mtu atakayekaa kiti cha abiria inakubalika, hasa ikiwa ni ya Kenya.

Kwa aliyebaki nyumbani, gokati, na hakuna haja ya kuiita mbadala. Kinachonitia wasiwasi ni kijana wa miaka 16 au 17 aliyeona video za dragi na ambaye gokati anaiona ya watoto. Huyo hukimbilia barabara iliyonyooka usiku, na barabara ile ina tuktuk isiyo na taa, ina mbuzi, ina mtu anayevuka na ndoo. Simwambii baba yake amnunulie kitu. Namwambia aende naye uwanja wa gokati yeye mwenyewe, avae kofia, aingie gokati nyingine, na ashindwe na mwanawe mbele ya watu. Nimelifanya. Gharama yake ni shingo kuuma siku mbili.

Na mzazi asije akadhani kwamba darasa lolote kati ya haya limemfundisha kijana kuendesha gari mjini. Mpwa wangu anaweza kuondoka mstarini kwa usahihi wa ajabu, na bado hajawahi kuingia mzunguko wa magari, hajawahi kurudi nyuma kati ya matatu mbili, wala kumpisha mkokoteni. Akija huku akiwa na miaka 18 ataanza shule ya udereva kama kila mtu, tena usukani ukiwa upande wa pili.

Binti yangu ana miaka 15 na amekuwa kwenye gokati tangu mwaka jana. Agosti atakwenda kwa shangazi yake, na ameomba aingie Jr. Street pamoja na binamu yake, shemeji akiwa kiti cha kulia. Fomu ya uwanja imo ndani ya droo ya meza yangu, na saini yangu imo. Ya mama yake bado. Amesema ataitia siku shemeji atakapomtumia picha ya mikanda ya gari, yote miwili, ikiwa imefungwa na mtu ndani.